Nyuzi Zilipomfuata Mwamvita

Wanangu mnaopiga mitambo kwenye maharusi na mikutano, hamjambo. Najua hamna muda wa kusoma. Mkono mmoja mmeshika simu, wa pili mmeshika chipsi, na waya wa maiki mmeukanyaga kwa mguu. Lakini someni hii, maana nimestaafu na nyumbani hakuna wa kumfokea. Mke wangu ameshanizoea.

Albamu ya Mgebuka Jazz imetoka, alhamdulillahi. Nalisema neno hilo kila nikiisikia ikipigwa kwenye duka la vocha pale Mwanga, mpaka mwenye duka ameanza kunitazama kwa wasiwasi. Miaka mingi watu wa Kigoma walikuwa wakiniuliza, "Mzee Sudi, bendi yenu ilikufa?" Nami nikiwajibu kwamba imelala tu. Ukweli ni kwamba mwenyewe nilishakata tamaa. Iliyoiamsha ni sauti ya mwimbaji wetu wa zamani, Bi Mwamvita, ambaye tulimpoteza kwa ujinga, kisha tukakaribia kumpoteza mara ya pili kwa ujinga ule ule. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ila mtanivumilia, kwa sababu fundi mitambo hawezi kufika kwenye spika bila kupitia kwenye nyaya.

Mgebuka, kwa wageni mliohamia juzi, ni samaki wa ziwa letu. Waanzilishi wa bendi walikuwa wachuuzi wa samaki, wakaona waiite jina la kitu wanachokijua. Muziki wetu watu waliuita mzito. Butoyi akipiga gita la besi, mabati ya ukumbi yalikuwa yanalia yenyewe, na wenye nyumba za jirani walikuwa wanatoa vikombe kabatini mapema. Kaka yake pacha, Bukuru, alikuwa anapiga gita la solo na ndiye kiongozi wa bendi. Pacha hawa walizaliwa siku moja lakini maneno yote alipewa Bukuru. Butoyi unaweza kusafiri naye mpaka Kasulu na kurudi, ukasikia neno moja tu, nalo ni "ego", yaani ndiyo.

Kazi nilifundishwa na fundi mmoja wa Kikongo, marehemu Mukendi, aliyevuka ziwa na amplifaya moja na suruali mbili. Mukendi hakuwa na shule ya kufundisha. Alikuwa na makonzi. Amplifaya, alisema, huugua kwa harufu kabla ya kuugua kwa sauti. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, zima kwanza, uliza baadaye. Mkumbuke hilo, maana ninyi mnasubiri mpaka moshi uonekane ndipo mnaanza kuulizana nani amechomeka pasi.

Mara yangu ya kwanza kupanga spika peke yangu ilikuwa sherehe moja ya Ujiji, uwanja ulio karibu na ufuko. Nilizipanga vizuri, zimepanda kama ghorofa, zinatazama upande wa ziwa kwa sababu upande huo ndio ulikuwa na nafasi. Jua lilipozama upepo ukaanza kutoka nchi kavu kwenda majini, kama unavyofanya kila siku ya Mungu. Muziki wote ukaenda nao. Waliolipa kiingilio walikuja kuniuliza tunaanza saa ngapi, na huko ziwani wavuvi waliokuwa wakiandaa taa zao wakawa wanashangilia. Mukendi alikuja, akachukua jivu kidogo kwenye jiko la muuza mishikaki, akalipeperusha mbele ya macho yangu ili nilione linakokwenda. Halafu konzi. Toka siku hiyo sijapanga spika bila kurusha jivu kwanza, na ninyi mkitaka mtacheka, lakini jivu halihitaji chaji.

Sasa niwaambie desturi ambayo haikuwepo kwenye bendi nyingine yoyote niliyoijua.

Siku hizi mna programu kwenye simu inayowaambia uzi wa gita umekaza au umelegea. Sisi hatukuwa nayo. Sisi tulikuwa na Mwamvita.

Kabla ya kuanza, alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu, anafumba macho, anatoa sauti moja tu ndefu, "mmmm," pale ambapo koo lake siku hiyo limekaa raha. Bukuru anaidaka, anakaza au kulegeza uzi wake mpaka ufanane naye. Butoyi anachukua kwa Bukuru, na gita la kati linachukua kwa Butoyi. Tuliita hiyo kutoa sauti. Maana yake nyuzi zinamfuata mwimbaji, siyo mwimbaji anazifuata nyuzi. Mwamvita akipata mafua, bendi nzima inapata mafua. Bendi nyingine zilitucheka, eti sisi tunatyuniwa na mwanamke. Tuliwaacha wacheke, kwa sababu akishapanda jukwaani hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka tena. Alikuwa na sauti ambayo hata mimi niliyeisikia kila wiki nilikuwa nasahau kuangalia vifungo vyangu.

Halafu tukanunua kinanda.

Bukuru alikitaka kinanda kuliko mtu anavyotaka mtoto wa kiume. Kilipofika, kikang'aa, kina taa nyekundu na kijani, Deo, mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa, ndiye akapewa akipige. Tabu ya kinanda ni moja: hakina uzi wa kulegeza. Ikabidi magita yakikimbilie kilipo, na kilipo kilikuwa juu ya pale tulipozoea kwa Mwamvita. Siku hiyo hiyo tulikuwa na harusi Ujiji. Nilimwambia Bukuru, "Nyuzi zimepanda, dada atakwama." Akanijibu, "Kinanda hakikosei, Sudi."

Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa "Nipokee Kibirizi", wa mtu anayerudi kwa boti na hajui kama kuna atakayempokea. Kwenye ubeti wa tatu sauti inapanda, inapanda, inakaa huko juu peke yake, halafu ndipo magita yanaingia kwenye chemko, pale mdundo unapokolea, na watu wanaacha viti. Mwamvita alipanda. Alipofika kule juu sauti ikapasuka. Kitu cha kawaida, mwimbaji yeyote kinamtokea, ungepita nacho mbele kwa mbele na nusu ya ukumbi wasingejua. Bukuru akainua mkono. Muziki wote ukasimama. Mbele ya maharusi, mbele ya wakwe, mbele ya mama yake Mwamvita aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akamwita kijana mwingine aje aumalizie wimbo.

Mwamvita aliiweka maiki juu ya kiti, polepole, kama anayelaza mtoto. Akajifunga kanga yake na kutoka. Asubuhi alipanda boti kwenda Mwamgongo kwa shangazi yake, na huko huko akaolewa, akazaa, akawa mama wa dagaa. Bendi ikaendelea miaka kadhaa na waimbaji waliokuja na kuondoka, ikafifia, ikalala. Bukuru hakuwahi kulitaja jina la Mwamvita, na kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye, kunyamaza huko mimi nilikusikia.

Aliyetufufua hata hakuwa amezaliwa tulipokuwa tunatamba. Ni binti mmoja anaitwa Neema, ana studio pale Mwanga, chumba kimoja kilichobandikwa magodoro na trei za mayai ukutani. Anarekodi kwaya na vijana wa bongo fleva. Alizikuta kanda zetu kwa mama yake, akazisikiliza, akanitafuta. "Mzee Sudi, shikamoo. Nataka kurekodi albamu ya Mgebuka, nyimbo zenu za zamani na mpya mkiwa nazo. Lakini na huyu mama anayeimba kwenye kanda. Bila huyu mama mimi sina haja."

Nilimpelekea Bukuru maneno hayo nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akatazama vidole vyake, akasema, "Kama atakuja." Basi. Butoyi akasema "ego" kabla hajaulizwa.

Mimi na Butoyi tukapanda boti Kibirizi. Mwamgongo tulimkuta Mwamvita anageuza dagaa juani, kitambaa kichwani, mjukuu mgongoni. Alikuwa anamwimbia yule mtoto kwa chini chini. Alipotuona akanyamaza hapo hapo. Butoyi akamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia, akatutazama nyuma kuona kama tupo watatu.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko mjini," nikasema. "Dada, tunarekodi albamu. Tunakutaka wewe."

"Mimi nauza dagaa, Sudi. Dagaa hawainui mkono."

Nikamweleza habari za Neema na kanda za mama yake. Alikuwa anageuza dagaa tu. Halafu akasema jambo ambalo lilinikata maini. "Tangu siku ile sijaimba mbele ya mtu. Hata harusi ya mwanangu. Waliniomba nikasema naumwa koo. Mtu mzima nadanganya siku ya harusi ya mwanangu! Nikisimama naona ule mkono."

Aliyejibu ni Butoyi, na nilikaribia kuanguka kwenye dagaa kwa mshangao. "Dada," alisema, "huyu mtoto umemwimbia sasa hivi. Sauti ipo."

Mwamvita akacheka kidogo, machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega. "Nitakuja, sha. Lakini akininyanyulia mkono ule mara moja tu, napanda boti, na mtakachosikia tena kuhusu mimi ni tangazo la msiba redioni."

Tukamwahidi, kwa hiyo mnaelewa uzito wenyewe. Hatukuwa tunaogopa kukosa albamu tu. Mwanamke huyu alikuwa amejitoa kwenye ukimya wa miaka yote ile kwa ahadi yetu sisi wazee wawili, na akivunjwa moyo safari hii asingeimba tena hata kwa mjukuu.

Siku ya kwanza studio tulisalimiana kama watu wa msibani. Bukuru alisimama, akasema, "Karibu, Mwamvita." Naye akasema, "Starehe." Hakuna aliyemtazama mwenzake. Bukuru alikuja na simu yenye programu ya kutyuni na kinanda kile kile cha zamani, Deo amekifunga kwa kitenge kama maiti ya heshima. Akatyuni kila kitu kwenye kinanda. Nikasema, "Kiongozi, vipi tukimwachia dada atoe sauti?" Akasema tangu kinanda kije watu wameuzoea wimbo hivyo, hatuwezi kuwapa mwingine.

Sasa fikirini. Kinanda kilikuwa juu yake alipokuwa msichana. Leo ana wajukuu, sauti imeshuka, imenenepa, imekuwa na mchanga mzuri ndani yake, na bado tunamwambia apande dari lile lile.

Tukaanza "Nipokee Kibirizi". Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili nikaona mishipa ya shingo. Nilimtazama Bukuru, nikaona bega lake la kulia linaanza kuchezacheza. Hapo ndipo nikakumbuka neno la Mukendi. Alikuwa akisema fundi mzuri anajua kutengeneza, lakini fundi wa kweli anajua pia wakati wa kuharibu. Siku bwana harusi amelewa anataka kuhutubia, maiki inakufa. Siku wanamuziki wanataka kupigana jukwaani, jenereta linakohoa. Ni sehemu ya kazi na hakuna chuo kinachoifundisha. Nikanyoosha mguu chini ya meza, nikauvuta waya mkubwa. Puu! Chumba kizima kimya.

"Amplifaya imeungua," nikasema. "Harufu hamuisikii? Turudi kesho."

Neema alitazama waya, akanitazama mimi, akatazama waya tena. Binti ana akili. "Kweli inanuka," akasema.

Mwamvita na Bukuru wakaondoka, kila mmoja na njia yake. Nikawazuia Butoyi na Deo. Tulikaa kwenye ngazi ya studio tukinywa chai ya Neema, na nikamuuliza Deo kwa hasira tu, siyo kwamba nilikuwa na wazo lolote. "Wewe kule kwenye kwaya, akina mama wakishindwa kupanda mnafanyaje? Mnawaua?"

"Hapana," akasema Deo. "Tunabonyeza kitufe, kinanda chote kinashuka."

"Na hiki chetu?"

"Hiki chetu kina kizibo."

Tukatazamana. Kizibo! Ngoja niwaeleze, maana kosa hili sidhani kama bendi nyingine duniani ingeliweza. Zamani, Mwamvita ameshaondoka, kwenye harusi moja kule Mwandiga, mjomba wa bibi harusi aliegemea kinanda kwa kiwiko akimtafuta mpiga picha, akabonyeza kitufe hicho. Kinanda kikashuka, magita yakabaki juu, na bibi harusi akaingia ukumbini kwa nyimbo mbili zinazopigana. Bukuru alikasirika, akatafuta kizibo cha soda, akakigandisha juu ya kitufe kwa gundi ile isiyobanduka. Na sisi wote, watu wazima wenye familia, tukakizoea kizibo mpaka tukasahau kwamba chini yake kuna kitu. Deo kila Jumapili anakibonyeza cha kanisani, Jumamosi anakuja kwetu anaona kizibo, na akili yake inamwambia hiki ni kinanda cha namna nyingine. Miaka yote ile dawa ilikuwa chini ya kizibo cha soda ya machungwa.

Nilikibandua kwa bisibisi, taratibu, jasho linanitoka. Kitufe kilikuwa kizima. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kitu kidogo hivyo.

Likabaki suala la magita. Gita la kawaida unalegeza na linavumilia. Gita la besi likishuka sana, uzi unakuwa laini, unapiga ubao, unatoa sauti ya kuku aliyefungwa kwenye mfuko. Unahitaji uzi mnene zaidi, na Kigoma hauupati kirahisi. Butoyi alinyanyuka bila kusema, akaenda kwa fundi pikipiki wa jirani, akarudi na waya wa klachi. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya enzi za shida. Unauchagua ambao haujafunguka nyuzi zake, unaufuta grisi kwa mafuta ya taa, unaukaza kidogo, unauacha ulale, ndipo unaumalizia. Usiukaze kwa mara moja, utakukata uso. Muulizeni Butoyi kovu la kidevuni alilipata wapi.

Kesho yake Bukuru alikuta mambo yote yameshuka. Alipapasa gita la ndugu yake, akapapasa kinanda, akaona kidonda cha gundi pale kizibo kilipokuwa.

"Nani amewaruhusu?"

Mimi nikaanza kujieleza, mara harufu, mara unyevu. Mwamvita alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na mfuko wake wa safari begani. Aliuleta studio mfuko wote, tayari kwa boti.

Bukuru akasema, "Vidole vyangu vinaujua wimbo huu na uzi uliokaza. Mimi nina miaka yangu, Sudi. Ukinilegezea uzi nitakosea mimi." Mnajua, sikuwahi kufikiri kwamba hata yeye anaogopa. Miaka yote hiyo nilidhani ni kiburi peke yake.

Butoyi akakaa kwenye kiti, akaliweka gita mapajani. "Mimi nimeshashuka," akamwambia kaka yake. "Wewe piga peke yako huko juu."

Neema aliziba mdomo kwa mkono asicheke. Bukuru alisimama pale, gita limemning'inia, akimtazama pacha wake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Solo bila besi ni mtu anayehutubia uwanja mtupu, na hilo halihitaji mtaalamu kulielewa. Akakaa. Akaitoa simu ile yenye programu, akaizima, akaiweka sakafuni. Halafu, bila kuinua macho, akasema maneno ambayo hayakuwa yametamkwa kwenye bendi yetu tangu kinanda kije.

"Mwamvita. Toa sauti."

Mwamvita alishusha mfuko begani. Akanywa maji. Akafumba macho, na ile "mmmm" ikatoka, iko chini, pana, imetulia. Bukuru aliitafuta kwa uzi wake, akaipita, akarudi, akaikuta. Niliona mabega ya wote wawili yakishuka pamoja.

Hakutaka hedifoni. Alisema zinamfanya ajisikie mgonjwa. Neema akatuambia basi tupige wote kwa pamoja chumba kimoja, kama zamani, yeye atajua la kufanya, na kweli alijua. Nilipanga maiki mwenyewe. Ya Mwamvita niliiweka chini kidogo ya kinywa badala ya usawa wa kinywa, kwa sababu mtu anayeogopa huinamisha kichwa, na maiki ikiwa juu anakuwa anaikimbia. Hilo nalo mlishike.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza nilikuwa naangalia vifungo. Wa pili nikaacha kuangalia vifungo. Ilikuwa sauti ile ile na haikuwa ile ile. Alipokuwa msichana aliimba kama anayejua atapokelewa, sasa aliimba kama mtu aliyewahi kufika akakuta hakuna mtu. Deo alikuwa anapiga huku ameinamisha kichwa kabisa.

Ubeti wa tatu. Akapanda. Tulishusha kila kitu, lakini wimbo ni mlima, hata ukiuanzia chini kileleni utafika tu. Alipofika kule juu, sauti ikapasuka.

Haikuwa sana. Lakini sote tuliisikia, na yeye aliisikia. Macho yake yakafumbuka yakaenda moja kwa moja kwenye mkono wa Bukuru. Yangu pia yalikuwa huko. Hata Butoyi ambaye huwa hatazami kitu aligeuza shingo. Nikajikuta mguu wangu unautafuta ule waya chini ya meza, kisha nikauzuia, kwa sababu nilijua hii siyo kazi ya fundi.

Mkono wa Bukuru ulibaki kwenye nyuzi. Akaingia kwenye chemko, mapema kidogo kuliko wimbo unavyotaka, akakosea uzi mmoja kwa haraka, hakujali, akapita. Butoyi akamfuata, Deo akawafuata. Mwamvita akavuta pumzi, akaja juu yao, na sasa hakuwa anautazama mkono wa mtu. Alikuwa ameanza kucheza, mtu mzima na kanga yake, akiikimbia maiki mpaka ikabidi niishike kwa mkono wangu na kumfuata nayo nikiwa nimepiga magoti.

Tulipomaliza tuliungoja mlio wa mwisho ufe kwenye magodoro. Neema akavua hedifoni. "Pale kwenye ubeti wa tatu," akasema kwa adabu, "naweza kuparekebisha kwenye kompyuta. Hakuna atakayejua."

Wote tukamtazama Bukuru. Alikuwa anafuta gita kwa kitambaa, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Siku ile Ujiji nilitakiwa nipite hapo, nikasimama," akasema. "Leo nimepita. Paache."

Nilikaa juu ya sanduku la spika nikalia waziwazi, na siwafichi. Nililia kwa raha, kama mtu aliyetua gunia alilokuwa amesahau kwamba amelibeba. Neema akakimbia kuniuliza kama nimepigwa na shoti. Butoyi akasema "ego", sijui alikuwa anamjibu nani.

Mwamvita hakulia. Alimtazama Bukuru, akajifuta jasho la shingo kwa pindo la kanga, akayamaliza maji yake yote. Kisha akausukuma mfuko wa safari kwa mguu mpaka ukutani, usimzuie njia, akarudi kwenye maiki.

"Haya," akasema, "unaofuata ni upi?"